Mitambo Ilipofundishwa Kubisha Hodi: Historia ya Lugha ya Pamoja katika Viwanda vya Chipu

Waandishi wengi wa historia ya chipu hupenda kuanza na wavumbuzi. Tunasimuliwa juu ya transista iliyopatikana katika maabara ya Bell mwaka 1947, juu ya Jack Kilby wa Texas Instruments mwaka 1958 na Robert Noyce wa Fairchild mwaka 1959, na juu ya mikroprosesa ya Intel ya mwaka 1971. Yote hayo ni kweli, na ni mambo makubwa. Lakini historia ya namna hiyo inaishia mlangoni mwa kiwanda. Haituelezi jinsi kitu kilichofanywa kimoja maabarani kinavyofanywa kwa mamilioni, nani anayeiamuru mitambo ifanye hivyo, inaamriwa kwa lugha gani, na lugha hiyo ilitungwa na nani kwa faida ya nani. Katika makala haya tunakusudia kuingia ndani ya mlango huo na kuushika uzi mmoja tu: kanuni za mawasiliano kati ya mitambo ya kutengeneza chipu na kompyuta kuu ya kiwanda.

Kiwanda cha mabubu

Chipu hutengenezwa juu ya kisahani chembamba cha silikoni. Kisahani hicho hupitishwa kwenye tanuri, hupakwa dawa inayobadilika kwa mwanga, hupigwa picha ya saketi, huchimbwa kwa kemikali au kwa gesi, kisha hurudishwa tena tanurini, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi. Katika miaka ya 1970 kila kundi la visahani lilisafiri na karatasi yake. Mfanyakazi aliisoma karatasi, akaurekebisha mtambo kufuatana na maelekezo, akangoja, akaandika matokeo, akalibeba kasha la visahani mpaka kwenye mtambo unaofuata. Akikosea tarakimu moja ya joto au ya dakika, kundi zima lilikuwa takataka, na huenda kosa lenyewe lisigunduliwe mpaka chipu zipimwe mwishoni. Isitoshe, mwili wa binadamu hutoa vumbi, na chembe moja ya vumbi ni mwamba mkubwa juu ya saketi ndogo kama ile.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wenye viwanda walisumbuliwa na vumbi peke yake. Sehemu ya mwisho ya kazi, yaani kuunganisha nyaya na kufunga chipu, ilikwisha kupelekwa Asia. Fairchild ilifungua kiwanda Hong Kong mwaka 1963. Intel ilifika Penang, Malaysia, mwaka 1972. Huko ilitumika njia ya zamani ya kupunguza gharama, yaani mikono ya wanawake inayolipwa kidogo. Sehemu ya kwanza, ile ya visahani, haikuhamishika kwa urahisi huo. Hapo njia iliyobaki ilikuwa kuyachukua maarifa yaliyokuwa vichwani mwa wafanyakazi na kuyaweka ndani ya kompyuta.

Kikwazo kilikuwa kimoja na cha ajabu. Mikroprosesa, ambayo ni zao la viwanda hivyo hivyo, ilikuwa imeanza kuwekwa ndani ya mitambo inayoitengeneza. Mtambo ulipata akili, lakini kwa nje ulibaki bubu, au ulisema lugha ya mtengenezaji wake peke yake. Tanuri la kampuni hii na mtambo wa picha wa kampuni ile havikuelewana, wala havikuelewana na kompyuta ya kiwanda. Mwenye kiwanda alilazimika kuajiri wataalamu waandike programu ya pekee kwa kila mtambo. Wasomaji wetu wanaoijua Kidatu hawahitaji maelezo marefu: reli ya kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA milimita 1,067, basi behewa haliwezi kuendelea na safari, na mzigo hauna budi kuhamishwa.

Kwa mtengenezaji wa mitambo hali hiyo haikuwa mbaya hata kidogo. Mteja aliyekwisha kutumia fedha nyingi kujifunza lugha ya kampuni fulani hakuwa mwepesi wa kuiacha kampuni hiyo. Aliyeweza kuukwepa mtego huu kwa kiasi alikuwa mkubwa wa wakubwa. Katika miaka ya kwanza ya 1970 IBM ilijenga huko East Fishkill, katika jimbo la New York, mradi ulioitwa SWIFT, ambamo visahani vilipitishwa kimoja kimoja kwenye mitambo inayojiendesha yenyewe. Kampuni inayojiundia mitambo, kompyuta na programu haihitaji kukubaliana na mtu. Wengine wote walihitaji.

Pendekezo la mwaka 1978

Chama cha watengenezaji wa mitambo na vifaa vya viwanda hivi, kiitwacho SEMI, kiliundwa Marekani mwaka 1970. Kazi zake za kwanza katika uwanja wa viwango zilihusu jambo la wazi zaidi, yaani vipimo vya visahani vyenyewe. Mwaka 1978 kampuni ya Hewlett-Packard ilipendekeza kwamba viwekwe pia viwango vya mawasiliano ya mitambo.

Hatuna budi kuuliza kwa nini iwe Hewlett-Packard. Kampuni hiyo ilisimama pande mbili za kaunta kwa wakati mmoja. Ilitengeneza chipu zake, kwa hiyo ilinunua mitambo na kuumia kwa ububu wake. Na ilitengeneza kompyuta, kwa hiyo kila kiwanda ambacho mitambo yake ingeweza kuzungumza na kompyuta kilikuwa soko. Tena ilikwisha kuonja faida ya kuweka kanuni: njia yake ya kuunganisha vyombo vya kupimia, HP-IB, ilipokelewa na wahandisi wa Marekani mwaka 1975 kuwa kiwango cha IEEE 488. Hatusemi kwamba pendekezo lilikuwa hila. Tunasema kwamba lilitoka mahali ambapo masilahi na akili nzuri vilikutana.

Matokeo yalitoka kwa mafungu mawili. Mwaka 1980 ilitangazwa SECS-I, inayoeleza jinsi ujumbe unavyopita kwenye waya. Mwaka 1982 ikafuata SECS-II, inayoeleza ujumbe wenyewe una maneno gani. Huu mgawanyo wa njia na maneno ndio uliokuja kuiokoa lugha hii miaka 12 baadaye.

Tuitazame SECS-I kwa karibu, kwa kuwa ni kazi ya unyenyekevu inayostahili heshima. Ilichagua waya wa kawaida wa RS-232, uliokuwa umezagaa kila mahali, na alama nne za alfabeti ya ASCII. Anayetaka kusema hutuma alama ya ENQ. Hiyo ni hodi. Aliye tayari kusikiliza hujibu EOT. Hiyo ni karibu. Kisha fungu la habari hupita: baiti moja ya kutaja urefu, baiti 10 za anwani na utambulisho, habari zisizozidi baiti 244, na mwishoni baiti 2 za jumla ya kuhakikishia. Msikilizaji hujumlisha mwenyewe. Hesabu ikilingana hujibu ACK, isipolingana hujibu NAK na fungu hurudiwa. Muda wa kungojea umewekwa kila mahali, ili asiwepo anayesimama mlangoni siku nzima: kwa kawaida nusu sekunde kati ya herufi na herufi, sekunde 10 kati ya hodi na karibu, sekunde 45 kungojea jibu la swali.

Na wakibisha hodi wote wawili kwa wakati mmoja? Hapo kanuni inasema kompyuta kuu ndiyo inayonyamaza na kuupisha mtambo. Mtambo huitwa bwana na kompyuta huitwa mtumwa, maneno ambayo wahandisi wa enzi ile waliyatumia bila kuona haya. Tunavyoona sisi, uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Prosesa ndogo ya mtambo wa wakati ule ilifikia kumbukumbu isiyozidi kilobaiti 64. Haikuwa na ghala la kuwekea maneno ikingoja zamu, na huenda neno lililokuwa mdomoni mwake lilikuwa habari ya hatari.

SECS-II nayo iliyapanga maneno katika mikondo, na kila mkondo una kazi zake. Mkondo wa 1 ni wa hali ya mtambo, wa 5 ni wa tahadhari, wa 6 ni wa kukusanya takwimu, wa 7 ni wa maelekezo ya kazi, wa 10 ni wa kumpelekea maneno mfanyakazi aliye mbele ya kioo. Kazi yenye namba witiri ni swali au amri. Yenye namba shufwa ni jibu lake. Ujumbe wa kwanza kabisa, Mkondo wa 1 Kazi ya 1, maana yake ni "Upo?" Mtambo hujibu kwa Kazi ya 2, kama kusema "Nipo", na hutaja aina yake na toleo la programu yake. Kompyuta kuu ikiulizwa swali hilo hilo hujibu kwa orodha tupu. Mkubwa hana haja ya kujitambulisha.

Ukubwa na udogo

Yafaa hapa kukumbuka jaribio jingine la miaka hiyo hiyo. Mwaka 1980 General Motors, mnunuzi mkubwa wa mitambo ya kila aina, ilianza kutunga kanuni zake zilizoitwa MAP ili kila mashine ya kiwanda cha magari iongee na kila nyingine. MAP ilikuwa na tabaka saba kamili za kanuni za kimataifa na nyaya za pekee zenye gharama kubwa. Ilikuwa na nguvu za General Motors nyuma yake. Hata SEMI iliandaa kanuni, E13, ya kuupeleka ujumbe wa SECS juu ya njia za namna hiyo. Leo MAP ni habari ya vitabuni, na SECS inafanya kazi. Sababu kubwa si siri: MAP ilimtaka mwenye kiwanda abadilishe kila kitu kwa mkupuo mmoja, lakini SECS ilimtaka anunue waya.

Lakini kushinda kwa njia rahisi kuna deni lake, na deni la SECS-II lilionekana mapema. Kanuni ilitoa maneno, haikutoa desturi ya mazungumzo. Watengenezaji wawili waliweza kusema kwa haki kwamba mitambo yao inafuata SECS-II, na bado mmoja ukatoa taarifa ya kazi kwa ujumbe huu na wa pili kwa ujumbe ule, au usiitoe kabisa. Tena SECS-II iliacha uwanja wazi, mikondo ya 64 hadi 127, kwa ujumbe wa kujitungia. Nia ilikuwa kuruhusu mambo mapya. Matumizi yakawa kwamba aliyetaka kumfunga mteja wake alipata pa kufichia minyororo ndani ya kiwango chenyewe. Hata vitu vilivyotumwa kwa halali vilipita kama namba tupu: mtambo hutaja namba ya kigezo na thamani yake, na anayetaka kujua kama ile ni joto au ni shinikizo la gesi hana budi kufungua kitabu cha mtengenezaji. Programu za pekee kwa kila mtambo, zile ambazo SECS ilizaliwa kuziondoa, zikarudi kwa mlango wa nyuma.

Ushindani wa kimataifa ndio uliolisukuma jambo hili mbele. Kati ya mwaka 1976 na 1980 serikali ya Japani iliwakusanya Fujitsu, Hitachi, Mitsubishi, NEC na Toshiba katika mradi mmoja wa utafiti wa chipu. Katika mitambo ya picha, kampuni ya Kimarekani ya GCA, iliyoleta sokoni mtambo wa kupiga picha hatua kwa hatua mwaka 1978, ilianza kuzidiwa na Nikon na Canon. Katikati ya miaka ya 1980 Japani iliipita Marekani katika mauzo ya chipu duniani. Hapo Washington, iliyozoea kuwahubiria wengine juu ya soko huria, ilifanya kama Tokyo: mwaka 1987 kampuni 14 ziliungana katika Sematech, na Idara ya Ulinzi ikatia humo dola milioni 100 kwa mwaka. Noyce mwenyewe aliiongoza kuanzia mwaka 1988 mpaka kifo chake mwaka 1990.

Wanunuzi walipokuwa wametawanyika, kila mmoja alimwomba muuzaji. Walipokutana chini ya paa moja waliweza kumwamuru. Kanuni iliyotoka mwaka 1992, GEM, haikuongeza maneno mengi. Iliweka desturi: mawasiliano yanaanzaje, yakikatika mtambo uhifadhi vipi taarifa na kuzitoa baadaye, tukio gani litaarifiwe, kiwanda kinaagizaje mtambo uambatanishe takwimu zipi na tukio lipi. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa kuwa uchaguzi wa kitu cha kuripotiwa ulitoka kwa muuzaji ukaenda kwa mnunuzi. Sematech ilitoa hata mwongozo wa kuwafundisha wanunuzi namna ya kuidai GEM katika mikataba yao. Viwango vya SEMI ni vya hiari. Lakini hiari ya muuzaji huisha pale ambapo wateja wake wote wanaandika sharti moja.

Je, mfanyakazi naye aliwekwa wapi? GEM inamtaja. Mtambo waweza kuwa nje ya maongozi ya kompyuta. Waweza kuwa ndani lakini ukaongozwa na mtu aliye mbele yake. Au waweza kuongozwa kwa mbali na kompyuta kuu. Na hapa pana sharti ambalo wengi hulipita haraka: mfanyakazi akiutoa mtambo kwenye maongozi kwa mkono wake, kompyuta kuu haiwezi kuurudisha kwa amri yake yenyewe. Ombi lake litakataliwa mpaka mtu aliye hapo aridhie. Walioandika sharti hilo walijua kwamba kuna saa ambapo mkono wa fundi umo ndani ya mtambo.

Sharti hilo lipo hata leo, ila mwenye kulitumia ndiye aliyezidi kuwa haba. Viwanda vilipohamia visahani vya milimita 300, kasha lenye visahani 25 lilifikia uzito wa kilo 8 hivi, mzigo usiofaa kubebwa na mtu zamu nzima. Wakubwa wa Marekani na washirika wao walikutana katika I300I, Wajapani katika J300, na mwaka 1997 pande zote mbili zikatoa mwongozo wa pamoja. Makasha yakapanda kwenye reli za darini. Kanuni mpya, kama E87 ya makasha, E90 ya kufuatilia kila kisahani na E40 ya kazi, zikajengwa juu ya GEM ili kompyuta ijue yale ambayo zamani yalijulikana na mbebaji na karatasi yake.

Waya nao ulikuwa umekwisha kubadilishwa. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, maelekezo ya kazi yenye baiti milioni moja yalichukua zaidi ya robo saa kupita. Mwaka 1994 ilikuja HSMS, iliyoweka mtandao wa TCP/IP mahali pa RS-232. Baiti 10 za utambulisho zilibaki, maneno ya SECS-II yakabaki vilevile, na programu zilizoandikwa katika miaka ya 1980 ziliendelea kueleweka. Ndiyo faida ya ule mgawanyo wa njia na maneno tuliokwisha kuutaja. Mwaka 2009 watengenezaji wa paneli za jua nao waliichukua lugha hii katika kanuni ya PV2. Zilizokuja kati ya hapo kwa ajili ya takwimu nyingi za wahandisi, zenye kutaja vitu kwa majina badala ya namba, zimekaa kando ya GEM, hazijaiondoa.

Mlango usio na komeo

Waya wa RS-232 ulikuwa na ulinzi ambao haukuandikwa popote: ulitoka kwenye mtambo mmoja ukaingia kwenye kompyuta moja, na asiyeugusa kwa mkono hakuweza kusema ndani yake. Mtandao hauna ulinzi huo. Hata hivyo HSMS iliandikwa bila nywila na bila kuficha maneno. Katika mwaka 1994 waliiandika kwa watu wanaofahamiana ndani ya jengo moja.

Tarehe 3 Agosti 2018 kirusi cha jamii ya WannaCry kiliingia katika viwanda vya TSMC huko Taiwan. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba mtambo mpya uliwekewa programu bila utaratibu kufuatwa sawasawa, na ulipounganishwa na mtandao kirusi kikaenea kwenye mitambo mingine. Kwa makadirio yake ya kwanza, hasara ingefikia kiasi cha asilimia 3 ya mapato ya robo mwaka ile. Kirusi hakikusafiri ndani ya ujumbe wa SECS. Kilisafiri kupitia udhaifu wa Windows, kwenye mtandao ambao mitambo iliunganishwa ili ipate kuongea. Mtambo wa chipu huishi miaka 20 na zaidi, na programu ya kompyuta iliyomo ndani yake huzeeka mapema kuliko vyuma.

Jibu lilitoka upande wa Taiwan, nalo lilifuata njia ile ile ya mwaka 1978: mnunuzi mkubwa aliyeumia, kamati ya SEMI, kura, kiwango chenye namba. E187, juu ya usalama wa kompyuta wa mitambo ya viwanda hivi, ilitoka mwaka 2022. Inamtaka muuzaji alete mtambo wenye programu ambayo bado inahudumiwa, wenye kinga dhidi ya virusi, na wenye kuweka kumbukumbu za waliouingia. Inaihusu mitambo mipya. Ile iliyokwisha kufungwa sakafuni kabla ya hapo inaendelea kujibu "Nipo" kwa kila anayefika mlangoni na kuuliza, na kazi ya kulilinda lango imebaki mikononi mwa mwenye kiwanda na mafundi wake wa zamu.